Kabla ya Kununua Ng'ombe wa Gredi, Jifunze Kumkama Uliye Naye

Swali linalonifikia zaidi kutoka Kinango, Kwale, ni la kununua. Ninunue Sahiwal au Friesian? Nitapata wapi fahali wa Boran? Anayeuliza ana ng'ombe watatu au wanne wa kienyeji zizini. Kila mmoja anampa lita 2 za maziwa, siku nyingine moja na nusu, na hayo machache mara kwa mara hurudishwa na mnunuzi wa Mariakani au Ukunda kwa kuwa yameganda njiani. Mwenyewe ameshaamua kwamba dawa ni ng'ombe mwingine.

Jibu langu ni lilelile kila mara: usinunue kwanza. Sehemu ya maziwa unayoyatafuta iko zizini kwako leo. Mengine yanabaki kiweleni kwa sababu ng'ombe ameogopa. Mengine yanamwagwa kwa teke, na mengine yanaharibiwa na mtungi. Yako pia ambayo hayapo kabisa kwa sababu ndama alikufa na mama yake akakauka mwezi wa tatu. Friesian akiingia katika mikono ileile, mtungi uleule na kupe walewale, kwa joto la Samburu au Taru, hatafika mwaka. Sahiwal anavumilia zaidi, maana asili yake ni Punjab kwenye joto na kupe, lakini naye atakupa kidogo kama anakamwa vibaya.

Basi tuanze na ng'ombe aliyepo.

Kwa nini "anazuia" maziwa

Wengi husema ng'ombe wa kienyeji ni mkaidi. Si ukaidi. Maziwa hayateremki kwa kuvutwa. Huteremka pale ng'ombe anapohisi ndama, au anaposhikwa kiwele kwa upole mahali alipopazoea. Hapo mwili wake hutoa kichocheo kinachokamua maziwa kutoka ndani ya kiwele hadi kwenye chuchu, na nguvu ya kichocheo hicho hudumu dakika 5 hadi 8 tu. Akishtuka, akipigwa au akifukuzwa na mbwa, mwili hutoa kichocheo cha woga kinachofunga njia, na huenda ikapita nusu saa kabla haijafunguka.

Mambo mawili yanafuata hapo:

- Ukishamwandaa ateremshe, kama mpaka mwisho bila kusimama. Ukienda kupokea simu au kutafuta kamba, muda wako umekwisha.
- Fimbo haina kazi mahali pa kukamia. Kijana anayempiga ng'ombe ili atulie anayafunga maziwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mpe pia mazoea. Mkame saa zilezile, mahali palepale, ukikaa upande uleule, na ikiwezekana akamwe na mtu yuleyule. Mkamaji mgeni akija, asimame na mwenyeji siku kadhaa kabla ya kushika chuchu.

Kumkaribia na kumfunga

Ng'ombe huona karibu pande zote. Mahali asipoona ni nyuma yake moja kwa moja. Ukimtokea mkiani utamshtua hata kama amekuzoea tangu udogo wake. Njoo kutoka begani, sema naye, mpapase bega, kisha mbavu, kisha paja, mkono usiachane na mwili wake hadi ufike kiweleni. Teke la ng'ombe huja mbele na kuzunguka pembeni, kwa hiyo anayekaa mbali kidogo "kwa usalama" ndiye anayepigwa vibaya. Kaa karibu, juu ya kigoda kifupi, kichwa au bega lako likigusa ubavu wake. Hapo utahisi mguu ukikaza kabla haujanyanyuka, na utawahi kuondoa ndoo.

Kumfunga miguu ya nyuma si ukatili ukifanya sawasawa:

- Tumia kamba laini ya pamba au ukanda wa nguo kuukuu uliosokotwa. Katani ikilowa hukata ngozi, na kidonda hualika nzi na funza.
- Zungusha kamba kwa mtindo wa tarakimu 8, mguu mmoja kisha mwingine, juu kidogo ya goti la nyuma.
- Fundo liwe la kuvuta mara moja likafunguka. Ng'ombe akianguka amefungwa fundo gumu, mtakimbilia kisu.
- Kamwe usijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Hili nalisema kwa wazazi hasa, kwa kuwa watoto ndio hufanya hivyo ili mikono iwe huru.
- Mkia ufunge kwenye mguu wake mwenyewe. Usiufunge kwenye mti, maana akikurupuka utakatika.

Mtamba anayetarajia kuzaa kwa mara ya kwanza aanze shule miezi miwili kabla. Kila jioni mpapase, mguse kiwele, mwekee kamba miguuni bila kuikaza, kisha mpe konzi ya pumba au chumvi. Usimkame. Anayesubiri mpaka mtamba azae ndipo amshike kiwele kilichovimba na kinachouma, asishangae akipigwa teke.

Mikono: hapa ndipo penye kazi

Katika maboma mengi nimeona chuchu ikivutwa. Mkamaji huibana kwa kidole gumba na cha shahada, huteremsha vidole mpaka ncha, kisha hurudia. Wengine hukunja kidole gumba ndani na kuibana chuchu kwa fundo la kidole. Njia zote mbili huchubua ndani ya chuchu. Hutaona damu leo. Miezi michache baadaye utahisi kitu kigumu kama punje ndani ya chuchu, na baadaye itaziba.

Mkono sahihi uko hivi. Zungusha kidole gumba na cha shahada juu kabisa, pale chuchu inapoungana na kiwele. Bana hapo ili maziwa yaliyo ndani ya chuchu yasirudi juu. Kisha funga kidole cha kati, cha pete na cha mwisho, kimoja baada ya kingine, kama unafunga ngumi polepole. Maziwa yatatoka kwa mchirizi mmoja mnene. Legeza mkono wote, chuchu ijae tena, rudia. Mkono haushuki wala haupandi, ni vidole tu vinavyofanya kazi. Mikono miwili ipokezane, mmoja ukibana mwingine umelegea, chuchu mbili za mbele kwanza, kisha mbili za nyuma.

Ng'ombe wetu wengi wana chuchu fupi, na mkono wa mwanamume mzima haukai. Tumia vidole vitatu badala ya vinne, kwa mbinu ileile. Ikishindikana kabisa, mwachie kazi hiyo mwenye mkono mdogo. Usirudi kwenye kuvuta.

Kuna kosa lingine ambalo karibu kila mtu hulifanya bila kufikiri: kuchovya vidole ndani ya ndoo ya maziwa ili viteleze. Uchafu wa vidole unaingia kwenye maziwa, na uchafu wa maziwa unapakwa kwenye chuchu. Kama mikono haitelezi, paka mafuta kidogo ya kukamia, na ni heri kupunguza kuliko kuzidisha.

Ukiona mchirizi unapungua, sukuma kiwele juu kwa kiganja taratibu, kama ndama anavyogonga kwa pua, kisha kama yaliyoshuka. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta zaidi. Ukimaliza acha. Kuendelea kubana kiwele kitupu ni kumwumiza bure.

"Maji hatuna. Nitaosha kiwele na nini?"

Pingamizi hili ni la haki. Mtu anayeteka maji kwenye silanga kilomita kadhaa kutoka nyumbani hawezi kuambiwa amwage ndoo nzima kwa ng'ombe kila alfajiri. Nami sitakuambia hivyo, kwa kuwa kiwele kilichoroweshwa bila kukaushwa ni kibaya kuliko kisichooshwa. Maji machafu huteremka kwenye chuchu, na kila ukibana tone huingia ndooni.

Kiangazi, ng'ombe akiwa amelala mahali pakavu na kiwele kina vumbi tu, kifute kwa kitambaa kikavu na safi, hasa ncha za chuchu. Kukiwa na kinyesi au tope, osha chuchu peke yake, si kiwele kizima. Lita 1 ya maji vuguvugu inatosha. Kisha kausha kwa kitambaa kingine. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Fulana ya pamba iliyochakaa ukiikata vipande inatosha ng'ombe wote. Vichemshe na uvianike juani kila siku.

Maji utakayookoa yatumie kwa mikono yako. Kata kucha, osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, na ukipita kutoka ng'ombe mmoja kwenda mwingine osha tena. Mwenye kikohozi, kuhara au kidonda mkononi apumzike siku hiyo.

Mahali pa kukamia pasiwe ndani ya zizi. Chagua chini ya mkwaju au mwarobaini, ardhi ngumu yenye mteremko, upepo usitoke upande wa kinyesi. Usifagie wala kumwaga majani makavu wakati wa kukama, kwa sababu vumbi huishia ndooni.

Ndama: mshirika au mshindani?

"Lita zenyewe 2. Nikimwachia ndama, nitauza nini?" Mimi niko upande wa ndama, na sababu yangu ni ya hesabu. Ndama wa kienyeji huzaliwa na uzito wa karibu kilo 20, naye huhitaji maziwa kama moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani lita 2. Miezi miwili ya kwanza tumbo lake haliwezi kuishi kwa majani. Ukimnyima utauza maziwa hayo wiki chache tu. Akifa, mama yake ambaye hajazoea kukamwa bila ndama atakauka, nawe utakuwa umepoteza maziwa ya miezi iliyobaki pamoja na ng'ombe wa miaka minne ijayo.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa Kinango ni huu:

- Siku 4 za mwanzo maziwa yote, yaani dang'a, ni ya ndama. Anyonye ndani ya saa 2 za kwanza baada ya kuzaliwa, na asipite saa 6. Dang'a ndiyo chanjo yake ya kwanza, na baada ya siku moja utumbo wake haupokei tena kinga hiyo. Akiwa dhaifu, mkame mama na umnyweshe kwa chupa.
- Kitovu kichovye katika tinkcha ya iodini mara tu anapozaliwa.
- Kuanzia siku ya 5 hadi mwezi wa pili, kama asubuhi tu. Usiku ndama alale mbali na mama yake, na mchana washinde pamoja.
- Mwanzo wa kukama, mwache ndama anyonye nusu dakika ili mama ateremshe. Mfunge karibu na kichwa cha mama amwone na amlambe. Kama chuchu tatu, ya nne mwachie, na kila siku ubadilishe.
- Ukimaliza mwachie tena anyonye yaliyobaki. Kunyonya huko hupunguza ugonjwa wa kiwele.
- Maji safi awekewe tangu wiki ya kwanza. Maziwa hayamtoshi kwa maji katika joto letu.

Ndama akifa, wazee hutumia ngozi yake iliyojazwa nyasi na kunyunyiziwa chumvi, mama ailambe ateremshe. Njia hii inafanya kazi kwa ng'ombe wengi. Lakini ndama aliyekufa ghafla, anayetoka damu isiyoganda puani au sehemu ya haja, asichunwe kabisa. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mwite daktari wa mifugo, mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe bila kufunguliwa. Badala ya ngozi, jaribu kumwekea ng'ombe chakula anachokipenda kila akamwapo, asikipate wakati mwingine wowote. Huchukua siku kadhaa, wengine hawakubali.

Kikombe cheusi

Ningeweza kuwashawishi wasomaji wangu wanunue kitu kimoja tu, ingekuwa kikombe chenye rangi nyeusi ndani. Michirizi miwili mitatu ya kwanza kutoka kila chuchu iende humo, si ndooni wala chini. Michirizi hiyo ndiyo yenye wadudu wengi, na juu ya weusi utaona yale ambayo ndoo nyeupe huyaficha:

- mabonge madogo kama jibini
- maziwa mepesi kama maji
- usaha au damu
- rangi ya manjano isiyo ya dang'a

Ukiona lolote kati ya hayo, kiwele kimeanza kuugua hata kama hakijavimba. Ng'ombe huyo mkame wa mwisho, chuchu mbovu iwe ya mwisho kabisa, na maziwa yake yaingie katika chombo chake yakamwagwe shimoni. Kama chuchu hiyo mara nyingi kwa siku ili uchafu utoke, na umwite daktari siku hiyohiyo. Usingoje kiwele kiwe kigumu na cha moto.

Mirija ya dawa ya kuingiza kwenye chuchu inauzwa madukani, na wengi huinunua wenyewe. Ninaona makosa matatu yanarudiwa. La kwanza ni kuingiza bila kusafisha ncha ya chuchu kwa spiriti, na hivyo kusukuma uchafu ndani. La pili ni kuacha dawa siku ya pili kwa kuwa mabonge yamepotea, ilhali wadudu wagumu ndio waliobaki. La tatu ni kuuza maziwa. Lebo ya dawa imeandika siku za kungoja baada ya sindano au mrija wa mwisho. Zihesabu na uzitimize. Maziwa yenye dawa humdhuru mtoto wa mtu mwingine, na ni kosa kisheria.

Baada ya kukama, tundu la chuchu hubaki wazi kwa karibu nusu saa au zaidi. Chovya chuchu katika dawa ya kuchovya ukiwa nayo, na kwa vyovyote mwekee ng'ombe chakula ili asimame. Akilala palepale kwenye kinyesi, kazi yote uliyoifanya imeharibika.

Mtungi, boda na barabara ya Mariakani

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na katika joto hilo mdudu mmoja anaweza kugawanyika kuwa wawili kila nusu saa. Fanya hesabu: baada ya saa 3, mmoja amekuwa 64. Kama ulianza na mtungi mchafu, ulianza na maelfu. Ndiyo sababu maziwa ya jirani hufika salama na yako huganda, mkiwa mmesafiri kwa boda ileile.

Mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia haufai. Shingo ni nyembamba mkono haupiti, na mikwaruzo ya ndani huhifadhi mabaki yasiyotoka kwa sabuni. Mkebe wa alumini una bei, najua. Kikundi cha majirani wanne wanaweza kununua mmoja na kupeleka pamoja. Kwa wakati huu, sufuria ya chuma isiyoshika kutu yenye mfuniko ni bora kuliko mtungi.

Kuosha kuna mpangilio, na mpangilio ndio dawa:

1. Suuza kwa maji baridi mara tu unapomaliza kumimina. Ukianza na ya moto, maziwa hushikamana na chombo.
2. Sugua kwa maji moto, sabuni na brashi. Usitumie mchanga wala majivu, maana hukwaruza.
3. Suuza, kisha mwagia maji yanayochemka.
4. Kipindue juu ya uchanja, juani, hadi wakati wa kukama tena. Usikifunike kikiwa na unyevu.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Kisha poza: weka chombo ndani ya beseni la maji kivulini, kizungushie gunia lililolowa. Huku Kinango hewa ni kavu kuliko ya Diani, kwa hiyo gunia hupoza vizuri zaidi kukiwa na upepo. Maziwa ya moto usiyachanganye na yaliyopoa, na ya jioni usiyachanganye na ya asubuhi kwa lengo la kujaza mtungi.

Kama saa 11 alfajiri ili boda iondoke saa 12. Yamfikie mnunuzi ndani ya saa 2, au 3 bahati ikiwa mbaya. Kama njia imekatika kwa mvua, usikimbizane nayo. Chemsha, yagandishe mala, uuze kesho yake.

"Nikitia maji kidogo tu?" Mnunuzi ana kipimo kinachoelea. Maziwa halisi husoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi, maji yakiingia kipimo huzama. Na maji ya silanga ndani ya maziwa ni ugonjwa unaouza. Dawa za kuyafanya yasigande ni marufuku vilevile. Anayeuza maziwa kibiashara apate kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya. Vikundi hupata kwa urahisi zaidi kuliko mtu mmoja.

Kupe na mbung'o

Hapa nitapita haraka, ila mambo machache hayarukwi.

Kupe wa sikio ndiye mwenye ndigana kali. Anayepuliza dawa mgongoni na ubavuni amepuliza asipokaa kupe. Ingiza dawa ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya kiwele na paja, kwapani na katikati ya kwato. Changanya kwa kipimo cha lebo. Dawa hafifu huzalisha kupe wasiosikia dawa. Puliza baada ya kukama, si kabla, na pampu usiioshee silangani. Ndama mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, na anayehema, asingojewe mpaka kesho. Chanjo ya ndigana ipo na hutolewa mara moja tu. Kwa kawaida hufungashwa dozi nyingi pamoja, kwa hiyo majirani mjiandikishe kwa pamoja katika ofisi ya mifugo ya wadi.

Walio upande wa Shimba Hills na Mwaluganje wana adui wa pili, mbung'o, anayeleta nagana. Ng'ombe hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, fizi huwa nyeupe, maziwa hushuka, mimba hutoka. Usidunge nusu dozi ya dawa uliyouziwa sokoni. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilijaribu Kwale kola zenye harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o humkwepa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nagana ikipungua sana kwa ng'ombe waliovishwa. Waulize maafisa wa mifugo kama zinapatikana kwenu. Kwa sasa, epuka kuchunga kando ya vichaka vya msitu saa ambazo mbung'o ni wengi.

Anayekudungia ng'ombe awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka awe na kibali, nawe una haki ya kukiona.

Jilinde na wewe

Ng'ombe anayetupa mimba huenda ana brusela. Kondo na mtoto aliyetoka usivishike kwa mkono mtupu. Tumia glavu au mifuko ya plastiki, zika kwa kina mbwa wasifukue. Maziwa ya nyumbani chemsha mpaka yapande, hata ya mtoto, hata yale unayoambiwa yana nguvu yakiwa mabichi. Homa inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa pamoja na maumivu ya viungo kwa mfugaji isitibiwe kama malaria mara tatu mfululizo. Mwambie tabibu kwamba unafuga, upimwe brusela.

Lini uache kukama

Ng'ombe hubeba mimba karibu miezi 9. Miezi miwili ya mwisho asikamwe. Kiwele kinajitengeneza upya, na dang'a ya ndama ajaye inaandaliwa. Anayemkama mpaka siku ya kuzaa atapata ndama mnyonge na maziwa kidogo msimu mzima.

Ukame una kanuni yake. Katika ule wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, ng'ombe wengi wa Kinango walikufa. Mbavu zikianza kuhesabika kwa mbali na uti wa mgongo ukachongoka, maziwa unayoyakama yanatoka katika nyama yake. Punguza hadi mara moja kwa siku, kisha acha. Uza madume na maksai mapema Mariakani wakiwa bado na mwili, ununue mabua au nyasi za marobota kwa ajili ya wenye mimba na wanaonyonyesha. Mabua yenye ukungu mweusi au wa kijani usiwape, kwa sababu sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Mtama mchanga uliochipua baada ya ukame usiwaache wauingie wakiwa na njaa, kwani una sumu inayoua kwa dakika chache.

Kumkausha ng'ombe anayetoa lita chache ni rahisi kuliko watu wanavyodhani:

- Chagua siku, mkame mpaka mwisho, chovya chuchu dawa, usimkame tena.
- Ndama aliyekua mtenge kabisa, au mvishe kizuizi cha puani.
- Pumba na mashudu simamisha kwa wiki moja. Maji usimnyime hata siku moja.
- Kiwele kitajaa siku 3 au 4, kisha kitasinyaa chenyewe. Usimkame "kidogo tu ya chai", maana kila ukimpunguzia anatengeneza mengine, na hatakauka.
- Kwa wiki 2, pitisha mkono kiweleni kila jioni. Upande mmoja ukiwa wa moto, mgumu au mwekundu kuliko nyingine, mwite daktari siku hiyohiyo.